Mtaji uitwe lini? Njia nne za kulipia mfuko wa majengo, kwa wanaochanga Tanga

Shangazi yangu anauza samaki pale Deep Sea. Mwezi uliopita alikuja kwangu na mkataba wa kurasa kumi na nne, kidole kimeng'ang'ania mstari mmoja wa ukurasa wa sita: mwekezaji ataleta mtaji wake kadiri atakavyoitwa. "Kuitwa na nani, mwanangu? Na nikiitwa wakati wa kusi?" Kusi ikivuma bahari inachafuka, mashua ndogo zinalala pwani, na yeye anaweza kumaliza wiki nzima bila kushika hela ya maana. Kaskazi ikitulia ndipo biashara yake inapumua. Waliouandika mkataba ule hawakumfikiria, na siamini kwamba walikuwa na nia mbaya. Walichukua utaratibu wa mifuko mikubwa ya nje, ambako wanaoitwa ni mifuko ya pensheni na kampuni za bima, watu wenye fedha mwaka mzima.

Naandika ulinganisho huu kwa sababu najua wengi hapa Tanga wamekwama palepale alipokwama yeye. Mfuko binafsi wa majengo ni watu kadhaa wanaoahidi kila mmoja kiasi fulani, wakamkabidhi meneja kazi ya kutafuta viwanja, kujenga, kupangisha au kuuza, kisha wakagawana kinachopatikana. Baina ya siku unayotia saini ahadi yako na siku shilingi yako inapogeuka tofali kuna muda, na mara nyingi ni muda mrefu. Kusubiri huko kuna gharama, na lazima yupo anayeilipa. Ukisoma mkataba wowote wa namna hii, mtafute huyo kwanza.

Njia zilizopo ni nne. Mkupuo: unalipa ahadi yote siku ya kujiunga. Awamu za tarehe: unalipa mafungu yaliyopangwa tangu mwanzo, tuseme kila Machi na kila Septemba, mradi uwe umefika au haujafika. Wito: hulipi mpaka meneja akuandikie kwamba kiwanja kimepatikana au mkandarasi anadai, na unapewa siku chache za kuleta. Benki itangulie: mfuko unakopa kwa dhamana ya ahadi zenu, unanunua na kuanza kujenga, ninyi mnaitwa baadaye kwa pamoja kulipa deni.

Nitazipima zote nne kwa mambo matano: shilingi inalala wapi kabla ya kazi kuanza, inaendanaje na kipato chako, faida inasomekaje, mwenzako akikwama inakuwaje, na ada inakatwa juu ya kiasi gani.

## Shilingi inalala wapi

Kwa mkupuo, inalala kwa meneja. Jambo hili lina uzuri wake. Mwenye kiwanja Pongwe anayetaka kuuza haraka humsikiliza kwanza mnunuzi mwenye fedha mkononi, na meneja aliyeshika mtaji wote anaweza kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, akakubaliana bei na kulipa bila kuzunguka kuomba. Lakini fikirini habari ya Chongoleani. Jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga liliwekwa Agosti 2017, na mji mzima ukaanza kuzungumzia nyumba za kupangisha. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa bomba lile, lenye urefu wa kilometa 1,443, ulitangazwa Februari 2022. Hapo ni miaka minne na nusu. Aliyelipa mkupuo mwaka 2017 kwa mradi unaotegemea wafanyakazi wa bomba angesubiri muda wote huo pesa yake ikiwa mikononi mwa mwingine. Aliyeahidi tu na kungoja wito angekuwa na pesa yake nyumbani. Bomba lenyewe halikuwa na kosa, maana miradi mikubwa ndivyo ilivyo, na mkataba wako lazima ulijue hilo.

Kwa awamu za tarehe, sehemu inalala kwako na sehemu kwa mfuko. Tarehe zikiendana na kazi, hakuna kinacholala sana. Kibali cha ujenzi kikichelewa miezi sita na tarehe zikabaki zilezile, umerudi kwenye mkupuo kwa mlango wa nyuma.

Kwa wito, inalala kwako, nawe ndiwe mwenye kazi ya kuiweka mahali inapokua kidogo na inapotoka haraka. Hapa watu hukosea sana. Wanaifungia kwenye amana ya mwaka mmoja, wito unakuja mwezi wa saba, wanaivunja na kupoteza riba. Au wanainunulia hatifungani, yaani wanaikopesha taasisi kwa miaka kadhaa ili iwalipe riba. Hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ya mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53.12, ilitoa asilimia 13.5 kwa mwaka, ni nzuri kwa mwenye subira, lakini ni ya miaka 10, na kuitoa kabla yake ni mpaka umpate mnunuzi kwenye soko la hisa. Pesa ya wito haina nafasi ya kusubiri mnunuzi. Mahali pake ni kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, ambao hauna muda wa kufungiwa na unakulipa ndani ya siku chache za kazi, au, kwa asiyetaka riba, akaunti ya akiba inayofuata sharia.

Kwa benki itangulie, yako inalala kwako muda mrefu kuliko njia zote, na inayofanya kazi ni ya benki.

## Inaendanaje na kipato chako

Hiki ndicho kipimo ambacho mikataba hukipita mbio, na kwa maoni yangu ndicho cha kwanza.

Wito wa kawaida kwenye mifuko ya aina hii unatoa siku 10 za kazi. Mfuko wa miaka 10 hutumia miaka 3 hadi 5 ya mwanzo kuita, na hakuna anayekuambia mapema kwamba utaitwa mara ngapi. Mara nyingine miezi minane inapita kimya, kisha wito mbili zinafuatana ndani ya mwezi mmoja kwa sababu kiwanja kimepatikana na malipo ya awali ya mkandarasi yamefika pamoja. Mwenye mshahara anaweza kulibeba hili akiwa na akiba. Mkulima wa machungwa wa Muheza, ambaye mapato yake ya mwaka huja kwa msimu, analibeba ikiwa tu aliuza msimu uliopita na hakugusa fungu la ahadi. Na Januari ya ada za shule inamkuta kila mtu.

Binamu yangu yuko Muscat, na yeye aliniamsha juu ya jambo ambalo sikuwa nimelihesabu. Kule wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Kwetu benki zinafunga Jumapili, na Jumamosi ni nusu siku. Siku ambazo pande zote mbili zinafanya kazi kamili ni nne tu, Jumatatu mpaka Alhamisi. Siku kumi za kazi za mkataba, zikihesabiwa kwa kalenda ya Tanga, kwake zinabaki nane. Sikukuu ya Idi ikiangukia humo, zinapungua tena. Aliyeko nje aombe siku 20, na aombe kabla ya kutia saini.

Awamu za tarehe zinampa mtu wa msimu kitu ambacho njia nyingine hazimpi: kujua. Muuza samaki akijua fungu ni Februari, ataweka kando tangu Novemba. Akijua kwamba tarehe imewekwa Julai, katikati ya kusi, ataomba isogezwe au atakataa mapema, na kukataa mapema hakuna fedheha.

Mkupuo unamfaa aliyepata pesa mara moja. Mstaafu wa bandari aliyelipwa kiinua mgongo ana pesa sasa, na kila mwezi unaopita inapungua kwa harusi, matibabu na ndugu wenye shida. Nimemsikia mzee mmoja wa Ngamiani akisema anataka kulipa yote leo ili isije ikaliwa na watu. Siwezi kumbishia. Kwake hatari ya pesa kubaki nyumbani ni kubwa kuliko hatari ya kulala kwenye akaunti ya mfuko.

Benki itangulie inamfaa asiye na pesa leo ila anajua atakuwa nayo: nyumba inauzwa, mirathi inakamilika, mkataba wa kazi unakwisha. Shida yake ni kwamba wito ukija huja mkubwa, wa miezi mingi kwa mara moja.

## Faida inasomekaje

Hapa naomba mnivumilie na hesabu, kwa sababu matangazo ya mifuko yanauza kwa asilimia, na asilimia inabadilika kwa tarehe tu.

Chukua ahadi ya shilingi milioni 30. Mradi unahitaji milioni 10 mwanzoni kwa kiwanja, 10 baada ya mwaka mmoja kwa msingi na kuta, 10 baada ya miaka miwili kwa paa na kumalizia. Mwisho wa mwaka wa nne nyumba zinauzwa na wewe unapata milioni 45.

Ukilipa mkupuo, milioni 30 zimekaa miaka minne na kuzaa 15. Ni sawa na asilimia 10.7 kwa mwaka. Ukilipa kwa wito, au kwa awamu zilizoendana na kazi, umetoa kumi kumi kwa miaka tofauti na kupata zilezile 45. Faida ni milioni 15 zilezile, lakini asilimia inapanda kufika 14.2. Nyumba ni zilezile na mpangaji ni yuleyule.

Sasa benki itangulie. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, bila riba kuzaa riba. Milioni 10 za kwanza zinadaiwa miaka miwili, za pili mwaka mmoja, jumla ya riba milioni 4.5. Unaitwa mwisho wa mwaka wa pili kwa milioni 30 zote. Mwisho wa mwaka wa nne, baada ya kutoa riba, unapata milioni 40.5. Faida yako imeshuka hadi milioni 10.5. Asilimia inayoandikwa kwenye taarifa imepanda: 16.2.

Soma tena aya hiyo kabla hujasifu taarifa yoyote ya mfuko. Shilingi zimepungua na asilimia imeongezeka, kwa sababu saa ya kuhesabia ilianza siku ulipolipa na siyo siku kazi ilipoanza. Meneja ambaye bonasi yake inategemea asilimia ana sababu ya kupenda deni. Hata chama cha wawekezaji wakubwa wa dunia, ILPA, mwaka 2017 kilipendekeza deni la namna hii lisikae zaidi ya siku 180, na meneja aoneshe faida ikiwa na deni na ikiwa bila deni. Ninyi wa Tanga mnaweza kudai hayo mawili kwenye mkataba wenu bila kuwa wakubwa.

Haki ya njia hiyo nayo niiseme: pesa yako ilibaki kwako. Kama ungeiweka mahali ikazaa asilimia 9 kwa mwaka, milioni 30 kwa miaka miwili zingekupa kama milioni 5.6, ukafika jumla ya 16.1. Wito kwa hesabu hiyohiyo unakupa 15 za mradi na karibu 2.8 za zile milioni 20 zilizosubiri, jumla 17.8. Mkupuo unabaki 15, ila meneja akiweka pesa iliyolala kwenye amana na kuwagawia riba yake, atapunguza pengo. Kama hazina yako ni chini ya godoro, wito na mkupuo ni sawa kabisa kwako, na benki itangulie ndiyo ghali.

Kwa wengi wa Tanga ipo hoja iliyo juu ya hesabu zote hizi. Asiyekula wala kulipa riba hana la kupima kwenye njia ya nne kama deni ni la kawaida. Aulize pia juu ya adhabu ya kuchelewa, maana kwenye njia ya pili na ya tatu nayo huandikwa kama riba. Adhabu inaweza kuandikwa kama kiasi maalumu, na nimeshuhudia kikundi kikikubali kiende sadaka.

## Mwenzako akikwama

Kwa mkupuo swali hili halipo, kila mtu amelipa. Ni nguvu yake kubwa, na watu wanaofahamiana huithamini kwa sababu hakuna wa kumdai mwenzake msikitini.

Kwa wito, mmoja akishindwa, kiwanja kinaweza kupotea na malipo yake ya awali kupotea nacho. Kwa hiyo mikataba ya wito ina meno: riba ya kuchelewa, kunyimwa kura, na baada ya siku kadhaa kukatwa sehemu ya hisa zako, hata nusu, zikagawiwa waliobaki. Kikundi ambacho niliwahi kuwa ndani yake kilikuwa na kifungu hicho. Mama mmoja alichelewa siku 11 kwa sababu alikuwa anauguza, na kwa maandishi alistahili kukatwa. Tulikaa usiku mzima, hatukumkata, lakini baada ya hapo hakuna aliyeuheshimu tena mkataba. Tangu siku ile naamini muda wa nyongeza wa kuchelewa na sababu zinazokubalika viandikwe kabla, watu wakiwa bado wanapendana.

Awamu za tarehe zina tatizo hilohilo kwa ukali mdogo, maana aliyekwama hujulikana wiki kadhaa kabla. Benki itangulie ndiyo yenye ukali zaidi: anayedai sasa ni benki, ina dhamana ya ahadi zenu, na haiuguzi na mtu.

## Ada

Hili ni fupi. Uliza kama ada ya meneja inakatwa juu ya ulichoahidi au ulicholipa. Mifuko mingi ya wito hukata juu ya ahadi katika miaka ya kuita. Kwa asilimia 1.5 ya milioni 30 unalipa 450,000 kwa mwaka hata kama umeitwa milioni 10 tu. Kwa mkupuo viwili hivyo ni kimoja. Kwa awamu mara nyingi mnaweza kukubaliana ikatwe juu ya kilicholipwa. Kwa benki itangulie ongeza riba na gharama za kuweka dhamana. Anayejiunga nyuma ya wengine, kwa njia yoyote, hudaiwa fidia kwa waliotangulia. Mwaka wa kwanza kiasi chake huwa kidogo, baadaye kinauma.

## Kabla ya kuchagua

Kama ninyi ni wachache mnaojuana, kampuni binafsi iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, inatosha, ila kwa sheria ya kampuni ya mwaka 2002 haizidi wanachama 50. Anayetangaza kwa umma, redioni au kwenye makundi ya simu, akusanye fedha za yeyote, lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Omba kukiona. Kwa mkupuo ongeza swali moja: nani na nani wanatia saini kwenye akaunti? Meneja peke yake hatoshi.

## Wewe uko wapi

Kama una kiinua mgongo mkononi na nyumba yenye mahitaji mengi, mkupuo una mantiki, kwa sharti kwamba kiwanja kimeshajulikana na hati imeshafanyiwa upekuzi. Kiwanja kisipojulikana bado, lipa nusu, na nusu nyingine iwekewe tarehe.

Kama ni mtumishi mwenye mshahara na akiba inayotoka ndani ya wiki, wito unakulipa kuliko nyingine. Weka kando angalau wito mbili kwa wakati mmoja, kwa ajili ya ule mwezi ambao zitafuatana.

Kama kipato chako kinakwenda kwa msimu, machungwa, samaki au mahindi, tafuta awamu za tarehe, na tarehe ziwe zako. Ongeza kifungu kimoja: kazi ikichelewa zaidi ya miezi mitatu, fungu linalofuata linasogea nayo.

Kama uko Muscat, Dubai au London, wito unawezekana ukipewa siku 20 na mtu wa Tanga mwenye idhini ya maandishi ya kulipa kutoka akaunti uliyoijaza mapema. Bila hayo, chagua tarehe.

Kama pesa yako ni ya uhakika lakini bado haijafika, na riba kwako si kikwazo, benki itangulie inaweza kukupa nafasi ambayo ungeikosa. Dai kikomo cha miezi sita na hesabu mbili za faida.

Na kama hujui uko kundi gani, andika mapato yako ya miezi 24 iliyopita, mwezi kwa mwezi, uone ni mingapi ambayo ungeweza kutoa milioni moja ndani ya siku kumi bila kukopa. Shangazi alifanya hivyo mezani kwangu kwa kalamu ya kijani. Alipata miezi tisa, saba kati yake ikiwa ya kaskazi. Ameurudisha mkataba akiomba mafungu manne, Desemba na Machi kwa miaka miwili, na meneja ameomba wiki moja ya kufikiri.